Vichwa vya Ukuta wa Birika

Fundi Shee,

Nakuandikia nikiwa nimekaa juu ya gunia letu la mwisho la chokaa. Lilipigwa na unyevu likawa jiwe, kwa hiyo halifai tena kwa kazi, linafaa kwa kukalia. Najua barua hii haina posta ya kuifikisha. Makaburi ya Waislamu si mbali na hapa, ningeweza kuja nikakwambia kwa mdomo, lakini kila nikija namkuta Maalim Khamisi wa msikitini anapalilia kaburi la mkewe, na mengine humu sitaki ayasikie. Basi naandika. Unajua shule yangu ni ile ya misheni kule kwetu Kavirondo, madarasa mawili tu, nikatoroka. Utanivumilia.

Habari yenyewe ni hii: ukuta wako ni mtupu. Birika lipo, maji yanatoka, ng'ombe wanakunywa, na ukuta umesimama kama ulivyoujenga. Lakini vichwa vyote kumi na viwili vimeondoka, na watu wa sokoni wamekwisha kuzoea. Usikasirike kabla hujanisikia. Nilikuahidi kuvichunga, na ninachotaka kukueleza ni jinsi nilivyoichukua ahadi hiyo. Nikimaliza utaamua mwenyewe.

Mambo mengine ya mji si makubwa. Stesheni imepata paa jipya. Mhindi wa duka la nguo ameoza binti yake na kutulisha sote sokoni halua. Mvua ilikosa, tembo wakashuka Kasigau wakamaliza mahindi ya watu, na wengi wa kule sasa wako Voi wanatafuta kibarua. Mimi walinipa kazi ya kufagia soko na kuangalia birika. Kazi ni nyepesi, lakini mgongo wangu umechoka, Fundi. Siku hizi nikiinama nafikiri kwanza.

Nakumbuka siku kazi ile ilipoanza. Ulikuwa umekuja kupiga chokaa nyumba za stesheni tu, na mimi nilikuwa nimetoka kwenye upagazi wa vita, nimeachwa hapa Voi na blanketi moja, natafuta mtu wa kunipa koleo nishike. Bwana Shauri, yule mzungu wa boma, akakuita. Alisema askari wazungu wana makaburi yao Maktau na Taveta, yenye misalaba na ua, lakini wapagazi waliokufa njiani kwenda kwa Wadachi, wale Wajerumani, hawana hata jiwe. Alikuwa na picha aliyoikata katika gazeti la kwao, ukuta wenye vichwa vya watu. Akasema anataka kama ule, sokoni, juu ya birika, ili kila anayechota maji awaone. Wewe maisha yako yote ulichora maua na nyota kwenye kuta za Lamu. Tulipotoka nje ukaniambia, "Yakhe, kichwa cha mtu sijapata kufanya. Lakini si ni boga lenye pua?"

Alitaka kila kichwa kiwe na mzigo juu yake. Ukamwambia chokaa haitabeba. Mimi nilijua si kweli, chokaa yako ingebeba hata sanduku la risasi. Alipopanda farasi wake ukatema mate ukasema, "Wamekufa na mizigo, na sisi tena tuwatwike?" Ukawavika kata tu, ile pete ya majani ya kuwekea mzigo, na juu yake hukuweka kitu.

Sura ulizitoa kwa watu waliokuwa karibu. Mchinjaji. Mzee wa ugoro. Yule msukuma mkokoteni mwenye taya kubwa. Na mimi, safu ya chini, wa tatu kutoka kushoto. Ulinikalisha juani nisitikisike, nikasinzia, nawe ukasema, "Vizuri, kaa hivyo hivyo." Kila kichwa ulikifanyia chini, juu ya ubao, ukakifunika magunia yenye maji kikauke polepole, ndipo tukakipandisha na kukifunga kwa vigingi vya mkoko vilivyopita kwa nyuma, kisha ukapaka juu ya vigingi asijue mtu vilipo. Nikiharakisha ulinifokea: "Wee Mkavirondo, unaipiga chokaa kama unafukuza fisi!"

Na siku ile Maalim Khamisi alipokuja kusimama nyuma yako na fimbo yake. Akasema, "Shee, siku ya kiyama utaambiwa uvitie roho hivi." Hukugeuka. Ukamjibu, "Ndiyo maana nimevifumba macho, Maalim, visije vikanitambua." Soko zima likacheka, yeye akaondoka amenuna. Jioni niliwaona mnatoka msikitini pamoja.

Macho yale uliyoyafumba, Fundi, ndiyo yaliyoleta yote. Nitafika huko.

Kichomi kilipokukamata ulilala kwenye kitanda cha kamba nyumbani kwa msukuma mkokoteni, na mimi nilikuwa nakukanda kifua kwa maji ya moto. Uliniambia, "Kavirondo, nichungie vichwa vyangu. Watoto watavitupia mawe." Nikasema nitavichunga. Baada ya hapo hukusema neno lingine la maana. Uliomba uji, ulipoletwa ukaukataa.

Watoto hawakutupa mawe. Waliviogopa. Kilichoanza ni pua. Asubuhi moja ya soko nilikuta mzee wa ugoro hana pua, na chini hakuna hata kipande. Kama pua imeanguka yenyewe, vipande viko wapi? Kisha likaenda sikio la mwingine. Kisha, mchana wa siku ya soko, kichwa kizima cha safu ya juu kikatoweka. Palibaki shimo na ukingo wa shingo, umepasuka vibaya, kama mtu aliking'oa kwa panga.

Nilimshuku Maalim Khamisi. Nilikuwa na hasira, nikamfuata mpaka mlangoni kwake nikamwuliza kama ameharibu kazi ya marehemu. Alinitazama kutoka miguuni mpaka kichwani. Akasema, "Mimi nikitaka kuvunja nitavunja mchana, na kanzu yangu nyeupe, na nitakuita wewe unishikie ngazi." Nikaona hapo hakuna mwizi. Nikaomba radhi, akanipa kahawa.

Bwana Shauri akaitisha baraza. Ungekuwepo ungecheka mpaka ukohoe. Mhindi wa duka la nguo akasema vichwa vihamishwe viwekwe ndani ya boma, penye askari. Bwana Shauri akauliza, nani atakwenda kuchota maji ndani ya boma? Karani akasema litundikwe tangazo. Mchinjaji akasema anayekamatwa apigwe viboko mbele ya watu, maana na kichwa chake kimo mle na yeye anakihesabu kama mali yake. Mama mmoja mwuza ndizi akasimama akasema, "Bwana, tunawaomba bomba la pili miaka yote, leo tumekusanywa kwa ajili ya pua!" Maalim alisema vingefutwa vyote tangu mwanzo, lakini kwa kuwa mwenyewe amekwisha kufa, yeye hataki kumsengenya maiti. Akakaa.

Waliyajaribu yote yaliyokuwa rahisi. Tangazo lilibandikwa kwa gundi ya unga, mbuzi wakalila siku ile ile. Ukawekwa ua wa miiba kuzunguka birika, ukararua kanga za wanawake, nao wakaubeba kidogo kidogo wakaenda kupikia. Akaletwa askari wa kulinda. Alikuwa mtu mpole, kutoka kwa Wanandi. Alikuwa akitundika kofia yake juu ya kata ya mchinjaji, na ilikuwa kofia nzito, hata ukingo wa kata ukamomonyoka. Hiyo sikuiripoti.

Pua nyingine mbili zikaenda na askari yupo. Ndipo Bwana Shauri alipokuja mwenyewe, akasimama mbele ya ukuta akiwa amevua kofia. Nilimwonea huruma, maana wazo lilikuwa lake, na lilikuwa wazo zuri. Akasema, "Afadhali ukuta mtupu kuliko ukuta wa vilema. Kikivunjwa kingine, vyote vitakwanguliwa." Akanitazama mimi ninayefagia, kana kwamba nimwambie nani. Sikujua.

Tangu siku hiyo sikutulia. Kazi yako yote nyingine iko Lamu na mimi sijaiona. Hii ndiyo niliyoichanganyia chokaa kwa mikono hii, na ikikwanguliwa kwa nyundo itakuwa unga, na nitakuwa nimeshindwa jambo moja dogo uliloniomba. Nilianza kuwatazama watu wa soko wote kama wezi. Hata anayenawa uso kwenye birika nilimsogelea.

Wewe unajua gari la moshi likifika kutoka Mombasa soko hubaki tupu. Wauza mayai, wauza ndizi, watoto, wote wanakimbilia stesheni. Mimi pia karani hunituma kuchukua sanduku la boma. Siku moja nilikwenda, nikaambiwa gari limekwama Maungu, nikarudi mapema kabla ya wengine. Na yule askari alikuwa stesheni, anakula mayai.

Nilimkuta mwanamke mmoja. Mtu mzima, Mtaita wa milimani, shuka lake limefungwa begani. Amepanda juu ya ukingo wa birika na anachokoa kuzunguka kichwa cha safu ya chini kwa kisu kidogo cha kumenyea mihogo. Hakuwa na haraka. Alikuwa anachimba kama unavyochimba kiazi usichotaka kukikata. Chini ameweka kikapu, na ndani ya kikapu jani la mgomba, na juu ya jani kitambaa cheupe kipya.

Nikamshika mkono. Hakupiga kelele. Akasema kwa Kiswahili cha kule juu, "Niache, baba. Huyu ni Mwadime wangu."

Fundi, kichwa alichokishika ni kile cha tatu kutoka kushoto.

Nikamwambia, "Mama, huyu si Mwadime. Huyu ni mimi. Fundi alinikalisha hapo, kwenye jiwe lile. Nitazame." Akanitazama kwa makini, paji la uso, masikio. Kisha akakitazama kichwa. Akasema, "Wewe umefumbua macho," kama mtu aliyemaliza shauri.

Nikamshusha, tukakaa kwenye ukingo. Jina lake Mkamburi, anatoka upande wa Bura. Alinieleza kwa utulivu na mimi nakueleza kama nilivyosikia. Kwao mtu akifa huzikwa, lakini hapo si mwisho. Baada ya muda wazee hufukua, wakakitoa kichwa, wakakipeleka kwenye pango la ukoo, kikawekwa safuni karibu na baba na babu. Hapo ndipo amefika. Watu wakiwa na shida huenda pale wakazungumza nao. Mwanawe Mwadime alichukuliwa kubeba mizigo ya vita. Aliyerudi alisema Mwadime aliharisha akafa mbele ya Taveta, wakamfunika matawi, msafara ukaendelea. Kichwa hakuna. Nafasi yake pangoni iko wazi, na baba yake amekufa akiiuliza. "Mwanangu hajafika nyumbani," akasema. "Yuko njiani tu."

Kisha watu wa milimani waliposhuka sokoni wakaona ukuta wako. Vichwa bila miili. Vimepangwa safu. Macho yamefumbwa. Juu yake kata ya mpagazi na mzigo umetuliwa. Ni kama pango lao lenyewe, Fundi, limeletwa sokoni. Waliamini serikali imewarudisha watu wao. Wengine walilia pale pale birikani, na sisi wa soko tukadhani ni mambo ya ndoa. Wakangoja serikali iwagawie, kila ukoo upewe wake. Msimu ukapita, serikali haikusema kitu. Basi wakaanza kuja kuchukua. Hawakuijua chokaa, wakavuta ikavunjika. Aliyevunja pua alikwenda na pua.

Nikamwuliza, kwa kuwa nilitaka kujua, "Lakini mama, unaona hii ni chokaa?" Akanijibu kwa ukali kidogo. "Mimi si mjinga. Nimebatizwa. Kanisani kwetu Bura kuna Mama Maria wa chokaa, na tunampigia magoti. Padri hajasema mbona mnapigia magoti chokaa."

Ungekuwa na jibu wewe, na lingechekesha.

Nikamwambia akikichukua kile leo, kesho vyote vitapigwa nyundo, na wenzake watakosa. Angoje nikaseme na Bwana Shauri. Akasema atangoja. Akakaa chini ya ukuta na kikapu chake, akanyoosha miguu, na watu waliporudi kutoka stesheni walimkuta pale wakampita kama mtu anayengoja zamu ya maji.

Nilimweleza Bwana Shauri kila kitu, karani akitafsiri pale maneno yangu yalipokwama. Sikumtaja Mkamburi. Nilisema tu watu wa milimani. Alisikiliza mpaka kiko chake kikazimika. Mwishoni akasema neno ambalo siwezi kulilaumu. Alisema ukuta ule ni wa wapagazi wote, Wakamba, Wakavirondo, Wanyamwezi, Wataita, na akimpa mmoja kichwa akakifiche pangoni, wengine watakumbukwa wapi? Akasema pia kwamba mali ya serikali haigawiwi, akianza na vichwa kesho wataomba kengele ya stesheni. Kisha akaamuru ukuta ukwanguliwe kabla ya soko linalofuata, na mkwanguaji ni mimi.

Nikauliza, "Na takataka, Bwana?"

Akakiwasha kiko chake tena. Akasema, "Takataka ni takataka. Sitaki kuiona imelala njiani."

Karani akanifuata mpaka nje. Unamjua alivyo, maneno yake hutoka kama anayalipia. Akasema, "Mimi hapa nitaandika takataka imeondolewa. Sikuona kichwa."

Nilirudi sokoni polepole, nikifikiri juu yako. Nilijiuliza kama ningekuwa nakuasi. Uliniomba nivichunge wasije watoto wakavitupia mawe, maana ulitaka visivunjike. Sasa nilikuwa na njia mbili, nyundo au vigingi, na mahali vigingi vilipo nilipajua mimi peke yangu. Basi nikaamua. Kama nilikosea, kosa ni langu.

Mkamburi alipeleka habari juu. Siku ya soko walikuja, kutoka Bura, kutoka Ndara, na wale wa Kasigau waliokuwa tayari hapa mjini. Kila mmoja na kikapu na kitambaa. Walisimama kimya upande wa kivuli. Mimi nikatafuta ngazi. Nani akaja kunishikia? Maalim Khamisi, na kanzu yake nyeupe. Akasema, "Shee alinitoroka miaka mitatu na vichwa vyake. Leo angalau naona vinashuka." Alishika ngazi ile kwa nguvu kuliko kijana, na kila kichwa kilipoteremka aligeuza uso pembeni, asikitazame, lakini mikono yake ilikipokea vizuri asikidondoshe.

Nililowesha kingo, nikapasua kile kijitabaka ulichopaka, nikagonga vigingi kwa nyuma. Vilitoka vizima, Fundi. Mkoko haukuoza hata kidogo. Ilibidi nisimame kidogo juu ya ngazi nilipoona alama ya kidole chako nyuma ya kile cha kwanza, mahali ulipobana chokaa ikiwa mbichi. Maalim akaniuliza chini, "Umeona nyoka?" Nikasema ndiyo.

Haikupita bila kelele. Koo mbili zilitaka kichwa cha mchinjaji, na mchinjaji mwenyewe akatoka na kisu chake cha kazi akapiga kelele, "Mnanigombania wapi, mimi bado nadaiwa mbuzi na watu hapa! Nani amesema nimekufa?" Watu walicheka mpaka waliokuwa wanalia wakacheka. Mzee mmoja akamshika bega akamwambia, "Wewe baki, ndugu. Tunataka aliyenyamaza." Hata vile visivyo na pua vilichukuliwa. Mama wa Kasigau alikikumbatia kimoja akasema wa kwake alikuwa na pua mbaya tangu utoto, afadhali hivi.

Vichwa havikuwatosha watu. Waliokosa hawakugombana. Walikuja ukutani mmoja mmoja, wakakwangua chokaa kwa kucha, kiganja kimoja, wakafunga kwenye pembe ya shuka. Mchana ulipofika sikuwa na cha kukwangua. Nilipaka ukuta mweupe, nikafagia chini. Bwana Shauri alipita na farasi wake jioni, akautazama, akasema "Vyema," akaenda. Hakushuka. Yule mama wa ndizi bado hajapata bomba lake la pili.

Wakamba na Wakavirondo wenzangu waliokufa hawana kitu sasa pale sokoni, na hilo linaniuma. Bwana Shauri alisema kweli juu ya hilo. Sikuweza kulitengeneza.

Baadaye Mkamburi alinitumia ndizi mbivu na neno nipande kwao. Nikapanda. Ni njia mbaya kwa mgongo huu, lakini kule juu kuna baridi na maji yanatiririka kila mahali, nikakumbuka kwetu. Alinipeleka hadi chini ya mwamba lilipo pango la ukoo wao. Wazee wawili walikuwa pale wakanizuia. Mgeni haingii, wakasema, hata hatazami. Walikuwa na haki. Mimi nilikuwa nimekwisha kugeuka nirudi. Mkamburi akawaambia kwa lugha yao, kisha akanitafsiria akicheka: "Nimewaambia huyu amekwisha kuingia, mtamzuiaje?" Wazee wakanitazama usoni, wakatazamana. Mmoja akasogea.

Sikuingia ndani. Nilisimama mlangoni. Wamepangwa juu ya mawe, wa zamani weusi kwa moshi, na mwishoni kabisa mweupe mmoja, amefumba macho, na kata kichwani. Wamemwekea tumbaku. Nilifikiri nitaogopa kuiona sura yangu mahali pale, lakini niliona mtu amelala tu, na nilimwonea wivu kidogo kwa jinsi alivyopumzika. Kisha nikatazama kama fundi. Mwamba umetoka mbele kama kibaraza, mvua haifiki. Jua halifiki. Hakuna mkono unaompapasa kila siku. Sikuona ufa, wala kwenye ukingo wa sikio ambao tuliuhofia. Sokoni pale, kwa vumbi na maji ya birika, kichwa kile kingedumu miaka michache. Kule sijui nani atakuja kukimaliza.

Mkamburi alimsalimu mwanawe, akamwambia mvua imechelewa na mbuzi wamezaa. Nikamwacha azungumze.

Sasa, Fundi, naondoka. Nimewaambia boma watafute mfagiaji mwingine. Mama yangu ni mzee na sijamwona tangu kabla ya vita, na mwili huu unataka kukaa chini. Lakini sitaelekea kwetu kwanza. Nitashuka Mombasa, nitafute chombo cha kunifikisha Lamu, nimwone mkeo, Bi Mwanaesha. Uliniambia ulimpelekea salamu kwamba umejenga vichwa kumi na viwili Voi, na kwamba nduguzo huko walikucheka, hawakuamini. Sitaki mtu wa kwenu aje siku moja, ashuke stesheni, akute ukuta mweupe, arudi kusema Shee alikuwa mwongo. Nitamwambia nilivyoviona. Kile kilichoibwa mwanzo nimeulizia pia, kiko Ndara, kimepasuka shingo lakini uso ni mzima.

Lala salama, Fundi wangu. Maalim ameahidi kupalilia na kwako pia, nami namwamini. Nitakapokaa mbele ya Bi Mwanaesha nitamtajia kimoja kimoja, mlima kilipo na mama aliyekipokea, mpaka aamini.

Mimi,
Ouma, mchanganya chokaa wako